Mkunga wa Pakingi

Sikio lake la kulia nililijua miezi miwili kabla ya kuujua uso wake. Lina matundu mawili ya hereni, moja limeziba, na karibu na lile lililoziba kuna kovu dogo kama punje ya mchele. Siku ya kwanza niliyompigia kwa video nililitazama sikio hilo dakika kumi na nne nzima, kwa sababu Mkunga alikuwa na tabia ambayo hakuna binadamu aliyeweza kumwachisha. Ukimpigia video anapokea, anasema "alo", kisha anaibandika simu sikioni kama vile ni ya waya. Wewe huku unahangaika kumwonyesha miguu iliyovimba, yeye kule anakuonyesha sikio.

Nilimwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu Kigoma, kwamba video ni ya kutazamana.

"Ngoja nisikie kwanza," akasema. "Macho yangu iko na haraka. Masikio iko na subira."

Basi nikaueleza ujauzito wangu wa miezi mitatu kwa sikio, na sikio likanisikiliza vizuri kuliko watu wengi wenye nyuso.

Watu wa mtaa wetu wa Albert Park wanamwita Mkunga, wengine Mkunga wa pakingi, na mimi sitamwita vingine. Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa nani, sijui. Nilimuuliza mara moja, akanijibu kwamba alizalishwa na mkunga mbaya, ndiyo maana kichwa chake ni kirefu, tukaishia hapo. Ninachojua ni kwamba kwao Kongo alizalisha wanawake miaka mingi na ana cheti chenye mihuri, na kwamba cheti hicho huku Durban hakimruhusu kuzalisha hata paka. Kwa hiyo analinda magari. Anavaa kizibao cha njano kinachong'aa, anasimama kwenye pakingi moja karibu na ufukwe wa South Beach toka asubuhi mpaka jua linapolegea, anawaonyesha madereva pa kuingia. Mfukoni ana simu yenye ufa, na namba ya simu hiyo wajawazito wetu wanaijua kwa kichwa, hata wale wasioijua namba ya mume.

Kazi zote mbili alizifanya kwa mdomo mmoja. Madereva aliwaelekeza kwa Kiswahili, awe Mzulu, Mhindi au Mzungu, na wote walielewa kwa sababu mikono yake ilisema zaidi ya ulimi. Wewe uliye kwenye simu ulipaswa kuchagua maneno yako kutoka kwenye mchanganyiko huo.

"Rudi. Rudi. Rudi tena kidogo. Kata kushoto. Bado, bado. Simama hapo." Kimya. "Siyo weye, masheri. Weye endelea kupumua."

Masheri ni neno lake la Kifaransa cha Kongo la kumwita mtu mpenzi, na alimwita hivyo kila mtu, hata aliyekuwa anamtukana. Jirani yetu mmoja, siku uchungu ulipomshika akisubiri ambulensi, anaapa kwamba alijizuia kusukuma mtoto pale kwenye ngazi kwa sababu ya "bado, bado" iliyokuwa ya Toyota nyeupe. Mtoto alizaliwa hospitali, mzima kabisa. Nyumbani kwao wanamwita Toyota. Mkunga hakufurahi, alisema ukimtania mtoto kwa gari atakuja kuwa dereva wa teksi na kutupita bila kusimama.

Hakutaka kuitwa daktari. Ukimwita daktari anakata simu, unapiga tena, anapokea kama vile hamjaongea. Dawa hakuwahi kumwandikia mtu. Alikuwa akisema, "Miye niko na dawa mbili tu: kaa, na nenda." Kaa maana yake ubaki nyumbani, unywe maji, ulale kwa ubavu wa kushoto, umpigie kesho. Nenda maana yake uende kliniki au hospitali sasa hivi, hata kama nywele zako zimesukwa nusu. Mimi ni msusi, nafanya kazi kwenye saluni ya mtu katikati ya jiji, na nimewahi kumwona mteja wangu akiondoka na kichwa upande mmoja rasta, upande mwingine msitu, kwa sababu Mkunga alisema nenda. Alijifungua hivyo hivyo. Picha zake zote za kwanza na mtoto amepigwa kwa ubavu.

Kliniki zenyewe aliziheshimu na kuzisema wakati huohuo. Alisema manesi wa huku wanajua kazi kuliko yeye, wana mashine, wana damu kwenye friji, ila lugha ndiyo inawafunga na wao na sisi, na mwanamke asiyeelewa swali hujibu ndiyo ili aonekane mwema. Kwa hiyo alikuwa anaingia kliniki kwa simu. Unafika mbele ya nesi, unaweka simu mezani, spika juu, na sauti ya Mkunga inatoka ikiwa na mawimbi ya bahari na honi nyuma yake. Nesi mmoja mnene mwenye miwani ya kamba alikataa, akasema simu ifungwe. Mkunga akamsalimu kwa Kizulu. Kizulu chake kilikuwa cha magari na cha uzazi peke yake, katikati hapakuwa na kitu, kwa hiyo alimwambia nesi maneno ambayo kwa tafsiri yangu yalikuwa: mchana mwema dada, huyu mama tumbo limejaa, tafadhali usimzibie njia. Nesi akavua miwani akacheka mpaka akafuta macho. Baada ya hapo, akija mgonjwa wa Kiswahili asiyeelewana naye, nesi ndiye aliyekuwa anapiga.

Sasa msije mkadhani nawaletea malaika. Wanawake wote aliwaambia wanywe maji, yeye aliishi kwa soda ya machungwa. Aliwaambia wapumzike, yeye alisimama juani kwa muda wa saa kumi. Kabla ya kupokea simu alifanya ishara ya msalaba, na baada ya kukata alitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata bandarini Kigoma. Na kubwa kuliko yote, hakupenda watoto wachanga. Nasema kweli. Alisema wote wanafanana na wazee waliodhulumiwa shamba. Ukimpelekea mtoto wako ambaye yeye mwenyewe alimchunga kwa simu miezi tisa, anamtazama, anasema "vizuri", anarudi kwenye magari yake. Kumbeba habebi.

"Miye niko rafiki ya mama," alisema. "Bebe atatafuta marafiki yake mwenyewe."

Lakini kwa hao wazee waliodhulumiwa ndipo alipoitoa simu sikioni. Mtoto mchanga akiwa na shida ya kupumua haongei, alisema, kwa hiyo sikio halina kazi. Alikuagiza umvue mtoto nguo, umlaze penye mwanga wa dirisha, halafu umwekee kifuniko cha soda juu ya tumbo, cha rangi kali. Kamera za simu zetu hazioni kifua cha mtoto kikipanda, ila kifuniko chekundu kinachoruka linakiona hata jicho la kuku. Kisha alihesabu dakika nzima kwa saa yake ya mkononi. Si nusu dakika mara mbili, dakika nzima, kwa sababu mtoto mchanga anaweza kukimbia na kusimama kama mbuzi. Chumba kizima kinanyamaza. Mtandao ukikwama, anaanza upya. Kama pumzi zimepita sitini anahesabu tena, na zikipita tena anasema nenda, na hapo hakuna masheri.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenipa namba yake. Mume wangu ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kwetu, analinda ghala la mitumba, na mama yake anaishi nasi ghorofa ya tisa, kwenye chumba tulichokigawa kwa pazia: sisi upande wa dirisha, Mama upande wa mlango. Mama na Mkunga walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kila Jumapili baada ya misa Mama alitwanga sombe, kisamvu chao, akaipika kwa mawese na samaki mkavu, akaifunga kwenye bakuli, akateremka nayo mpaka pakingi. Mkunga alikula amesimama. Halafu wawili hao waliketi juu ya ukingo wa saruji, wakitafuna karanga na kuwachambua waogeleaji waliokuwa wanapita na taulo: huyu ameachika, huyu bado hajajua kwamba ameachika. Mama alirudi nyumbani akiwa na umri pungufu.

Na sasa nije kwenye malimau.

Nyumba zetu za Albert Park hazina siri. Familia tatu kwenye fleti moja, pazia ndiyo ukuta, na mjamzito akiwa na simu ya Mkunga, mama mkwe anakaa pembeni, spika juu, kwa upendo kabisa. Mkunga akiuliza, "Unapata choo?" mama mkwe anajibu, "Anapata." Akiuliza, "Bwana yake anamupiga?" mama mkwe anacheka. Binti wa watu kazi yake ni kushika simu. Basi Mkunga alikuwa na mbinu. Katikati ya maongezi alimwambia yule mzee, kwa heshima kubwa, kwamba kuna kitu kinahitajika haraka kwa ajili ya mtoto: malimau matatu, ya ngozi nyembamba, aende ayachague yeye mwenyewe kwa mkono wake maana vijana hawajui. Mzee anajifunga kitenge, anateremka. Lifti za kwetu zinafanya kazi zikipenda. Malimau matatu ni dakika ishirini na tano. Katika dakika hizo binti anasema yote. Mzee akirudi, Mkunga anamwambia ayakamue kwenye maji ya uvuguvugu, ayanywe yeye mzee, ili awe na nguvu ya kumsaidia mkwe. Hamjawahi kuona wamama wakwe wenye afya kama wa Albert Park.

Mimi sikujua. Mbinu hiyo kila mwanamke aliijua baada ya kujifungua, na aliyeijua alinyamaza. Mimi niliona tu Mama ametumwa malimau mara mbili, mara zote lifti imekufa, na magoti yake yanalia kama mlango wa ghala. Nina moyo laini, nakubali, hata sinema ya mbwa inaniliza. Nikajisemea, mke mwema anafikiria mbele. Siku hiyohiyo nilinunua mfuko mzima wa malimau, nikayapanga kwenye bakuli la kioo mezani, yakapendeza kama ya kwenye kalenda. Mama alinibariki mpaka kizazi cha nne.

Jumatano moja, ujauzito una miezi saba na nusu, mume wangu yuko kazini. Tangu jana yake asubuhi maji yalikuwa yananitoka, kidogo kidogo. Nilidhani ni mkojo, kwamba mtoto amekalia kibofu, na niliona aibu inayoniwasha mpaka masikio. Kwa mama mkwe mambo ya chini hayasemwi, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nilifua shuka, nikasema nimemwaga chai. Nikafua tena, nikasema chai tena. Mchana huo nikaanza kutetemeka kwa baridi na nje kuna jua la kukaanga yai. Mama alinishika paji la uso, hakusubiri, akampigia Mkunga mwenyewe kwa simu yangu, akaiweka mezani pembeni ya bakuli.

Mkunga aliuliza kama mtoto anacheza. Mama akasema anacheza. Aliuliza kama kichwa kinauma, Mama akasema hakiumi. Aliuliza kama kuna maji yanatoka. Mama akasema hapana, kitanda kikavu, ila huyu mtoto siku hizi anamwaga sana chai.

"Chai," akasema Mkunga. Gari likapiga honi kule kwake, hakulijibu. Kisha: "Masheri, naomba unitafutie malimau matatu."

"Yako hapa," akasema Mama. "Mwanangu amenunua mfuko muzima, Mungu amubariki."

Mkunga akaomba chumvi ya mawe. Tulikuwa nayo. Akaomba tangawizi mbichi. Ilikuwa chini ya malimau. Akaomba maji ya moto kutoka kwa jirani, Mama akasema kwani sisi hatuna birika. Kila alichotaja kilikuwepo, na mimi huku natetemeka, mpumbavu wa kwanza wa jiji, najisikia fahari. Nilitabasamu jamani. Mtoto wangu alikuwa anapungukiwa na maji tumboni na mimi najisifu kwa tangawizi.

Kisha Mkunga akazungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Masheri, ile sombe yako ya Siku ya Mungu. Niliimwaga."

Mama akasema, "Nini?"

"Niliimwaga. Na ya wiki ile ingine. Paka ya hapa pakingi ilinusa, ikaenda. Miye nilikuwa nakula juu ya huruma, lakini leo nimechoka kudanganya. Haujuake kupika."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika namna ile. Mama aliitazama simu, akanitazama mimi, akatazama simu tena. Akasimama. Magoti yale yaliyokuwa yanalia hayakulia. Alitoka, akaubamiza mlango, na nikasikia sauti yake koridoni ikiwaita majirani mmoja mmoja kwa majina.

"Amekwenda?" Mkunga akauliza, haraka sasa, chini kwa chini. "Haya. Sema ile chai."

Nikasema. Nililia na kusema pamoja. Aliniuliza tangu saa ngapi, rangi gani, inanuka au hainuki, baridi imeanza lini. Maswali manne. Kisha akasema, "Nenda. Saa hii. Usikate simu, itie kwenye mufuko, nije na weye."

Mama aliporudi na machozi ya hasira akanikuta mlangoni na mfuko wa hospitali begani. Hakuuliza. Mama ana uwezo wa kukasirika na kubeba mzigo kwa wakati mmoja. Tuliita gari kwa simu ya jirani, tukakaa nyuma wawili, mfuko katikati yetu, na ndani ya mfuko simu yangu ikiwa wazi.

Toka Albert Park mpaka hospitali Mama alimsema Mkunga bila kumeza mate. Alisema yule mwanamke ana sauti ya mbuzi aliyekatazwa kichanjani. Alisema kizibao chake hakijaonja sabuni tangu Krismasi. Alisema anajifanya kuzalisha watu kwa simu kwa sababu ana kwa ana wangeona jinsi alivyo mvivu. Mimi nilibanwa na tumbo huku, na huku nilibanwa na mfuko, maana nilikuwa nasikia kwa mbali sana magari ya pakingi yakipita na mtu akipumua. Nikapanua mguu niufunike mfuko, haikusaidia.

Tulipokaribia, Mama akaishiwa matusi. Akatazama nje ya dirisha, akasema kwa sauti ndogo, wala si kwangu, "Miaka tatu natwanga kwa mukono. Kila Siku ya Mungu. Alisema inamukumbusha mama yake."

Kwenye mfuko mtu akakohoa mara moja.

Mbele ya nesi Kiingereza changu chote kilinikimbia. Nikavuta simu, nikaiweka juu ya meza yake. Mama akaiona. Aliliona jina, akaziona dakika zilivyokuwa nyingi, na nikaona akihesabu kila alichokisema garini, mbuzi, kizibao, mpaka ile miaka ya kutwanga sombe. Mkunga alimweleza nesi kwa Kiingereza kilichonyooka: maji tangu jana asubuhi, homa, mimba ya wiki thelathini na mbili, mtoto wa kwanza. Ilikuwa muda wa kufunga kiatu. Nesi aliacha kalamu, akasimama, akaita kitanda.

Binti yangu alizaliwa kesho yake. Alikuwa mdogo, kweli anafanana na mzee aliyedhulumiwa, na alikuwa hai. Daktari alisema homa ilikuwa imeanza kuingia kwa mtoto, na kama tungesubiri mpaka asubuhi angekuwa anaongea nasi mambo mengine. Nililala na mtoto ngozi kwa ngozi kifuani siku nyingi, na Mama akishika zamu yake, yule mzee mwenye haya amefungua blauzi mbele ya wodi nzima na mjukuu amelala katikati kama chura.

Nilipotoka hospitali nilimwambia Mkunga kwamba nitamweleza Mama ukweli. Alinikatalia kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia hata kwa madereva.

"Ukiambia mumoja, umeambia wote. Kesho nikituma limau, hakuna mama mukwe atatoka."

Nikamuuliza, je, urafiki wenu?

"Hiyo ni tumbo yangu. Weye angalia ya mutoto."

Basi nikanyamaza. Mwezi mzima Mkunga alimchunga mtoto kwa simu, kila siku, kifuniko chekundu tumboni. Na lililonichekesha na kuniumiza ni kwamba mbinu haikuhitajika tena. Simu ikiita tu, Mama anachukua kiti chake, anatoka koridoni, anakaa huko mpaka tumalize. Faragha ya bure. Jumapili hakuteremka tena. Alitwanga sombe ya watu watatu, tukala watatu, hakuna aliyeisifu kwa sababu tukiisifu analia na tusipoisifu analia.

Mwaka huu kliniki imeanzisha utaratibu wake wa kuongea na wajawazito kwa simu, nesi yule wa miwani yumo, na siku moja kwa wiki wanamwita Mkunga akae nao, awatafsirie. Wana orodha ya maswali. Nasikia siku ya kwanza aliisoma yote kwa kidole, akawaambia ni nzuri ila inaanzia namba mbili. Wakamuuliza namba moja ni ipi. Akasema: nani yuko chumbani? Wakaandika. Sasa wanauliza hilo kwanza, na kama kuna mtu wanampangia mjamzito saa nyingine, akiwa nje, peke yake, na visikilizio masikioni. Malimau yamestaafu. Ndiyo maana nimethubutu kuyaandika. Nina ndoto ya saluni yangu, yenye viti vya kupanda na kushuka, na ukutani nitabandika swali hilo kwa herufi kubwa, japo wateja hawataelewa.

Niliposikia habari hiyo niliona ahadi yangu imekwisha muda. Nikamweleza Mama, jikoni, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo sombe ilikuwa muzuri," akasema mwishowe.

Nikasema ilikuwa nzuri sana.

"Basi angesema kitu kingine. Angesema nguo zangu." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Simupendi yule mwanamke. Lakini namba yake usiifute."

Jumamosi iliyopita nilimchukua binti yangu, anatembea sasa, nikaenda naye pakingi. Mkunga siku hizi ana kiti cha plastiki na miguu yake imechoka, ila mikono bado inaelekeza. Alimtazama mtoto juu mpaka chini, akasema "vizuri". Nikakiri kwamba nimemwambia Mama. Gari la rangi ya fedha lilikuwa linaingia, akaliingiza mpaka likasimama sawasawa ndipo akauliza Mama alijibu nini. Nikamwambia yote, na la nguo.

Alivuta ukingo wa kizibao akajifuta uso, nikajifanya namtazama mtoto.

"Iko na haki," akasema. "Ningesema nguo. Nilifikiri nguo, nikafikiri kanisa, nikafikiri bwana yake. Kwa yote hiyo angebaki, angenijibu. Kwa sombe tu ndiyo angetoka."

Halafu akanyanyuka kwa sababu Toyota moja ilikuwa inarudi nyuma vibaya, na akiwa amenipa mgongo akasema, "Mwambie na miye simupendi. Mwambie vilevile aende apime sukari. Kila nikikupigia namusikia huko koridoni: anakunywa maji, anaenda choo, anakunywa maji. Aende Siku ya Kwanza, asubuhi, asile kitu."

Siku ya Kwanza ni Jumatatu yao. Niliufikisha ujumbe wote, pamoja na simpendi. Mama alinijibu kwamba hana ugonjwa wa kupangiwa na walinzi wa magari.

Jumatatu aliamka kabla yetu, akavaa kitenge cha sherehe, akakataa chai, akaniambia anakwenda sokoni. Alirudi saa saba mchana. Kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na pamba imeshikwa na plasta, na mkononi ana fungu la majani ya muhogo ambalo alilibeba kama mtoto. Aliketi chini, akavuta kinu katikati ya miguu, akaanza kutwanga na kile kidole amekinyoosha pembeni. Nikamuuliza anatwanga ya watu wangapi. Akaniambia nishushe sufuria kubwa, ile ya Jumapili za pakingi, na niache maswali.